Jina unaliona, faili haifunguki: kurekebisha majina kwenye disketi za kompyuta za zamani

Disketi nyingi zinazotoka kwenye makabati ya Lubumbashi hutupwa bila sababu. Mtu anaingiza disketi, orodha ya faili inatokea, barua ya baba yake anaiona kwa macho, lakini akiandika jina lake kompyuta inamjibu kwamba faili haipo. Basi anakata kauli kwamba disketi imekufa. Mara nyingi ni nzima. Jina la faili ni mstari mfupi kwenye orodha, na maandishi yenyewe yamekaa mahali pengine kabisa kwenye disketi. Mstari huo ukiwa na herufi isiyoandikika, au ukisomwa kwa utaratibu usio wake, maandishi yapo palepale yakingoja kuitwa kwa jina sahihi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye disketi za Commodore 64, za MS-DOS, za Amstrad au za Amiga. Nitakaa sana kwenye Commodore, maana huko ndiko majina yanakosumbua kwa namna nyingi, kisha kwenye DOS, ambayo ndiyo utakayokutana nayo zaidi hapa mjini kwa disketi za ofisi, shule na parokia.

Hatua ya 1: Funga mlango wa kuandika

Kabla ya chochote, hakikisha kompyuta haiwezi kuandika kwenye disketi hiyo. Disketi laini ya inchi 5.25 ina pengo dogo la mraba ubavuni: libandike karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga. Disketi ngumu ya inchi 3.5 ni kinyume chake: sukuma kile kigingi cha plastiki mpaka tundu libaki wazi. Wengi hukosea hapo kwa kudhani tundu lililozibwa ndilo ulinzi kwenye aina zote mbili.

Kisha itazame. Kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, kinaleta vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Masika nayo huleta ukungu. Zungusha disketi ya inchi 5.25 taratibu kwa vidole na uangalie sehemu inayoonekana kwenye dirisha lake. Ukiona madoa meupe au mistari ya mkwaruzo, usiiingize. Ukungu utahamia kwenye kichwa cha draivu, na kichwa kichafu kitakwaruza disketi zote zitakazofuata. Kichwa cha draivu kisafishwe kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Usitumie mafuta wala maji ya sabuni.

Hatua ya 2: Toa nakala kamili, ufanye kazi kwenye nakala

Hapa sina mjadala na mtu. Usibadilishe jina hata moja kwenye disketi ya asili. Disketi ya miaka 35 au 40 inaweza kukubali kusomwa mara moja na kukataa mara ya pili, na umeme wetu hukatika bila hodi. Ukikatika wakati draivu inaandika orodha, unaweza kupoteza majina yote kwa pamoja.

Kwa disketi ya inchi 3.5 ya DOS, draivu ya USB inatosha, ingawa baadhi ya draivu hizo husoma disketi za MB 1.44 tu na kuzikataa za KB 720. Kwenye Linux, angalia kwanza kwa `lsblk` draivu imepewa jina gani, kisha (weka jina hilo mahali pa sdb):

`ddrescue -d /dev/sdb asili.img asili.map`

Draivu ya USB haisomi disketi za Commodore wala za Amiga, hata ukijaribu vipi, kwa sababu data zimepangwa kwa namna nyingine juu ya disketi. Kwa Commodore unahitaji draivu ya 1541 yenyewe, yaani draivu ya disketi ya Commodore, na kifaa cha kuiunganisha na USB kama ZoomFloppy, kisha amri hii:

`d64copy 8 asili.d64`

Kwa Amiga, kifaa kama Greaseweazle pamoja na draivu ya kawaida ya PC kinafanya kazi nzuri. Disketi za inchi 3 za Amstrad haziingii kwenye draivu hiyo, zinahitaji draivu ya inchi 3.

Pima ukubwa wa faili iliyotoka. Disketi ya 1541 inatoa baiti 174,848 kamili. Ya Amiga 901,120. Ya KB 720 inatoa 737,280. Ya MB 1.44 inatoa 1,474,560. Imeji, yaani faili hiyo ya nakala, ya 1541 inaweza kuwa kubwa kidogo kama programu imeongeza kumbukumbu ya makosa mwishoni, lakini ikipungua, nakala haijakamilika. Ikikamilika, itolee nakala ya pili: `asili.d64` huigusi tena, `kazi.d64` ndiyo ya kufanyia kazi.

Hatua ya 3: Jua kama tatizo ni jina au ni disketi

Kwenye Commodore 64, au kwenye VICE, programu ya PC inayoiga Commodore 64, ukiwa umeipa `kazi.d64`, toa orodha kwa `LOAD"$",8` kisha `LIST`. Ukijaribu kufungua faili na ukapata kosa, uliza draivu yenyewe. Amri ya kusoma jibu haikubaliki nje ya programu, kwa hiyo andika `NEW`, kisha programu hii fupi, umalizie na `RUN`:

```
10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$;C;D
40 CLOSE 15
```

Kumbuka kwamba `LOAD"$",8` na `NEW` zote hufuta programu iliyo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo hifadhi kwanza kazi yako. Namba inayorudi inasema mengi. 62 ni faili haikuonekana: tatizo ni jina, endelea kusoma. 33 ni jina lina alama ambayo draivu haiielewi: tatizo ni jina pia. 63 inasema jina hilo lipo tayari, na 26 inasema disketi imefungwa isiandikwe. 60 inasema faili haikufungwa vizuri ilipoandikwa. Lakini namba kati ya 20 na 29, ukiacha 26, ni za kusoma na kuandika juu ya disketi kwa mkono wa draivu: huko dawa ya majina haifiki, rudi kwenye usafi na nakala.

Hatua ya 4: Commodore, tatizo la herufi kubwa na ndogo

Tazama mstari huu wa orodha:

`14   "♥AFARI"          PRG`

Moyo mdogo kama ule wa kopa kwenye karata, halafu AFARI. (PRG ni aina ya faili: programu.) Anayeuona hudhani disketi imeoza kwenye herufi ya kwanza. Haijaoza hata kidogo. Commodore 64 ina sura mbili za herufi. Ikiwashwa inaonyesha herufi kubwa pamoja na michoro. Ukibonyeza kitufe cha Commodore pamoja na Shift, inageuka kuonyesha herufi ndogo na kubwa. Aliyeandika jina hili alikuwa kwenye sura ya pili na aliandika Safari, S kubwa kwa Shift, kama mtu yeyote aliyefundishwa kuandika vizuri. S ya Shift inahifadhiwa kwa namba D3 ya heksi (hesabu ya msingi wa 16), na S ya kawaida kwa 53. Kwenye sura ya kwanza, D3 inachorwa kama moyo. A ya Shift itaonekana kama shupaza, B ya Shift kama mstari wima.

Suluhisho la haraka: bonyeza Commodore na Shift, orodha itasomeka, kisha andika jina kama lilivyo, herufi kubwa kwa Shift. Faili itafunguka. Suluhisho la kudumu, kwenye nakala ya kazi, ni kubadilisha jina ukiwa kwenye sura hiyohiyo ya pili:

`open15,8,15,"r0:safari=Safari":close15`

Jina jipya linatangulia, la zamani linafuata. Ukirudi kwenye sura ya kwanza utaona SAFARI, na mtu yeyote ataweza kuliandika bila kujua historia yake. Usitumie alama za ? na * ndani ya amri hii. Andika majina yote mawili kwa ukamilifu.

Tatizo hilihili linazaliwa upya leo na watu wanaohamisha faili kutoka PC kwa programu ya `c1541` inayokuja na emyuleta ya VICE. Ukiandika jina kwa herufi kubwa kwenye PC, `c1541` inazigeuza kuwa herufi za Shift, na kwenye Commodore zinaonekana kama michoro. Andika kwa herufi ndogo:

`c1541 -attach kazi.d64 -write barua.prg barua`

Hatua ya 5: Commodore, maneno yanayoonekana nje ya alama za kunukuu

Jina la faili kwenye 1541 lina nafasi 16. Zisipojaa, zinazobaki hujazwa na namba A0, ambayo ni nafasi tupu ya Shift. Draivu ikikutana na A0 ya kwanza inajua jina limeisha na kufunga alama ya kunukuu. Sasa mtu akibonyeza Shift na nafasi katikati ya jina kwa bahati mbaya, orodha inakuwa hivi:

`9    "BARUA" MAMA      PRG`

Ukiandika `LOAD"BARUA MAMA",8` utapata 62. Andika `LOAD"BARUA",8` tu, itafunguka. Wengine waliitumia tabia hii makusudi, wakaweka `,8,1:` baada ya jina ili mtumiaji aandike LOAD mbele ya mstari na kubonyeza Return. Kwa hiyo ukikutana na `"MCHEZO",8,1:` usilirekebishe, lilikusudiwa kuwa hivyo.

Hatua ya 6: Commodore, koma na alama nyingine zinazogomba na draivu

Koma, nukta mbili, alama ya sawasawa, ? na * zote zina kazi maalumu kwenye amri za draivu. Faili yenye koma ndani ya jina huwezi kuiita kwa jina lake, na amri ya kubadilisha jina haitaifikia, kwa sababu draivu inadhani jina limeishia kwenye koma. Lakini ? inasimama mahali pa herufi yoyote moja, na kwenye LOAD inaruhusiwa:

`LOAD"BARUA?1",8`

Ikiwa ni programu ya BASIC, ihifadhi mara moja kwa jina jipya: `SAVE"BARUA 1",8`. Ikiwa ni programu ya lugha ya mashine, usifanye hivyo, nenda hatua ya 7.

Na onyo kali. Utasoma ushauri wa kufuta faili yenye jina la koma tupu kwa amri `S0:?`. Amri hiyo inafuta kila faili yenye jina la herufi moja. Kama mwenye disketi alizipa barua zake majina A, B, C, umezifuta zote. Tazama orodha mara mbili kabla.

Kuna pia mistari yenye nyota mbele ya aina ya faili, `*PRG` au `*SEQ`. Hiyo ni faili ambayo haikufungwa, mara nyingi kwa sababu mashine ilizimika ikiandika. Usiibadilishe jina wala usiifute kwa amri ya S, kwa sababu kufuta kwa njia hiyo kunaweza kuharibu faili za jirani. Kwanza jaribu kuokoa kilichomo kwenye nakala, kisha ndipo utumie amri ya `V0`, inayotumwa kama ile ya `r0` ya hatua ya 4, kusafisha orodha. Ila `V0` usiitumie kamwe kwenye disketi ya GEOS (mfumo wa madirisha wa Commodore) ukiwa kwenye BASIC, wala kwenye michezo iliyoficha data nje ya orodha. Itahesabu maeneo hayo kuwa matupu.

Hatua ya 7: Commodore, kuhariri baiti zenyewe

Jina likikataa njia zote, fungua `kazi.d64` kwa programu yoyote ya kuhariri baiti. Orodha ya majina iko kwenye treki ya 18 (treki ni mzunguko mmoja wa disketi, na sekta ni kipande chake). Kwenye faili ya D64, sekta ya kwanza ya orodha inaanza mahali 16600 kwa heksi. Kila faili inachukua baiti 32, na sekta moja ina faili 8. Safari yetu inaonekana hivi, kuanzia 16602:

`82 11 00 D3 41 46 41 52 49 A0 A0 A0 A0 A0 A0 A0 A0 A0 A0`

82 ni aina, yaani PRG. 11 na 00 zinasema maandishi yanaanzia treki ya 17, sekta ya 0. Hizo usiziguse kamwe. Ukizigusa umepoteza njia ya kwenda kwenye maandishi. Baiti 16 zinazofuata ndizo jina. Badilisha D3 iwe 53, hifadhi, umemaliza. Koma ni 2C, igeuze 20, nafasi ya kawaida. A0 iliyoingia katikati, igeuze 20 pia. Usiongeze wala usipunguze baiti hata moja: andika juu ya zilizopo, na hakikisha programu yako haiko kwenye hali ya kusukuma herufi mbele. Baada ya kuhifadhi, faili ya D64 lazima ibaki na ukubwa uleule.

Faili inayofuata inaanza 16622, nyingine 16642, na kuendelea. Kama faili ni zaidi ya nane, baiti mbili za kwanza za sekta, mahali 16600 na 16601, zinakuambia sekta inayofuata. Mara nyingi utakuta `12 04`, yaani treki ya 18, sekta ya 4.

Hatua ya 8: DOS, majina yaliyoandikwa kwa AZERTY iliyosahaulika

Hili ni tatizo la kwetu kabisa, sisi tuliozoea kibodi za Ufaransa na Ubelgiji. Kompyuta ya DOS ikiwashwa bila kuambiwa aina ya kibodi, inachukulia kwamba ni ya Marekani. Karani aliyekaa mbele ya AZERTY akaandika bila kutazama skrini, ameacha disketi yenye majina kama haya:

```
ZQWQWI   DOC
KQWI     DOC
BQRUQ$   DOC
```

Hakuna siri wala lugha ya ajabu. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na namba zilizoandikwa kwa Shift zimekuwa alama: 4 imekuwa $. Soma upya: WAZAZI, KAZI, BARUA4. Kiambishi DOC kimebaki salama kwa sababu programu ya kuandikia ndiyo iliyokiongeza yenyewe. M inageuka nukta-koma, ambayo DOS haiikubali ndani ya jina, kwa hiyo usitarajie kuyakuta majina yenye M kwenye disketi za aina hii.

Ukiwa kwenye mashine ya DOS, kwanza andika `KEYB FR`, au `KEYB BE` kwa kibodi ya Ubelgiji. Bahati nzuri, herufi zote za amri hizo ziko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili, kwa hiyo hutakosea hata kabla kibodi haijarekebishwa. Kisha:

`REN ZQWQWI.DOC WAZAZI.DOC`

Kwenye Linux, bila kuwasha mashine ya zamani, `mtools` inafanya hivyohivyo juu ya nakala:

`mren -i kazi.img ::ZQWQWI.DOC ::WAZAZI.DOC`

Na ufungue faili kabla ya kuipa jina. Yaliyomo mara nyingi yameandikwa vizuri, kwa sababu ndani ya programu mtu anaona anachokiandika na kujisahihisha. Yaliyomo ndiyo yatakayokuthibitishia jina.

Hatua ya 9: DOS, nafasi tupu, lafudhi za Kifaransa na majina marefu

Jina la DOS ni herufi 8, nukta, herufi 3. Baadhi ya programu ziliingiza nafasi tupu ndani yake, na `REN` inapoiona inadhani umeanza jina la pili. Tumia ?:

`REN MA?BAR.DOC MA_BAR.DOC`

Lafudhi zinachanganya zaidi. Faili ya kwaya au ya parokia yenye jina PRIÈRE.DOC, ukiifungulia Linux bila maelezo, inaweza kujitokeza kama PRI╘RE.DOC, ikiwa na kona ya mstari mahali pa È. Disketi haina kosa. DOS za Ulaya zilitumia sana jedwali la herufi namba 850, ambalo È ni D4. Jedwali la Marekani namba 437 limeweka mchoro wa mistari mahali hapohapo. Mwambie Linux jedwali sahihi:

`mount -o loop,ro,codepage=850,iocharset=utf8 kazi.img /mnt`

Majina yatasomeka bila kubadilisha baiti moja. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa disketi yoyote yenye Kifaransa. Kubadilisha jina ni hatua ya baadaye, kama lazima. Kwenye mashine ya DOS isiyo na jedwali la 850, `REN PRI?RE.DOC PRIERE.DOC` inatosha.

Jihadhari na kompyuta za sasa. Tangu Windows 95, jina refu linaandikwa kwenye orodha kwa mistari ya ziada, mmoja kwa kila herufi 13. Jina la herufi 30 linakula mistari minne ya orodha: mitatu ya jina refu na mmoja wa kawaida. Disketi ya KB 720 ina nafasi 112 tu kwenye orodha yake kuu, kwa hiyo majina marefu machache yanaweza kuijaza wakati disketi bado ina nafasi tele, na mashine ya zamani itaona vitu kama BARUAY~1.DOC. Ukitoa jina jipya kwenye disketi ya zamani, liwe la herufi kubwa, lisizidi 8, bila nafasi.

Faili iliyofutwa kwenye DOS hupoteza herufi ya kwanza tu ya jina lake. Baiti hiyo hugeuzwa E5. Ukiona ?ARUA kwenye programu ya kurudisha faili kama UNDELETE ya MS-DOS 5, itakuuliza herufi ya kwanza. Jibu B, uokoe, kwenye nakala.

Hatua ya 10: Amstrad na Amiga

Kwenye Amstrad CPC, amri ni `|REN,"JIPYA.BAS","ZAMANI.BAS"`, jipya kwanza. Kwenye CPC 464 ya kwanza BASIC yake haikubali maneno moja kwa moja. Weka majina kwenye vigeu kwanza, kisha `|REN,@N$,@O$`. Kama orodha inaonekana tupu huku disketi imejaa, faili zinaweza kuwa chini ya namba nyingine ya mtumiaji: jaribu `|USER,1`, `|USER,2` na kuendelea kabla ya kuanza kuomboleza.

Amiga inaruhusu majina ya herufi 30 na nafasi tupu, ilimradi uyazungushie alama za kunukuu: `Rename "Barua ya Mama" TO "Barua_Mama"`. Lakini usihariri baiti za majina kwa mkono kama tulivyofanya kwenye Commodore. Amiga hutafuta faili kwa hesabu inayotokana na herufi za jina, na kila sekta ya orodha ina namba ya ukaguzi. Ukibadilisha herufi moja kwa mkono, jina linaweza kuonekana na faili isifunguke tena.

Hatua ya 11: Majina ya kuacha yalivyo

Si kila jina lenye sura ya ajabu ni bovu. Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997, na nchi iliitwa Zaire kwa miaka hiyo hiyo. Faili yenye jina SHABA88 au ZAIRE.LST imebeba tarehe yake ndani ya jina. Ukiibadilisha iwe KATANGA umefuta ushahidi ambao mtoto wa mwenye disketi ataupenda kuliko usafi wa orodha yako. Vivyo hivyo vifupisho vya watu. Mwulize Papa au Mama mwenye disketi kabla ya kugusa, maana yeye ndiye anayejua kwamba KAL3 ni Kalunga wa tatu.

Kwa kila jina ulilobadilisha, andika kwenye daftari au faili ya maandishi: jina la zamani kama lilivyoonekana, baiti zake kama unazo, jina jipya, na sababu. Kabla ya kuhamishia faili kwenye Windows, hakikisha hakuna jina lenye \ / : * ? " < > au |. Linux inakataza / peke yake, lakini afadhali uziondoe zote ili faili zisafiri popote.

Hatua ya 12: Thibitisha hukugusa maandishi

Kwa Commodore, linganisha nakala mbili:

`cmp -l asili.d64 kazi.d64`

Kila mstari unaotoka ni baiti moja iliyobadilika. Namba ya kwanza ni mahali ilipo. Kama umebadilisha majina tu, namba zote lazima ziwe kati ya 91393 na 96256, ambayo ni treki ya 18 nzima. Uliyehifadhi programu ya BASIC kwa jina jipya kwenye hatua ya 6 utaona pia sekta mpya zilizoandikwa, na hizo zinatarajiwa. Kwa DOS na Amiga, toa faili zote kutoka nakala mbili kwenye folda mbili, upige `sha256sum` kila upande: majina yatatofautiana, alama za ukaguzi zitalingana moja kwa moja. Hata moja isipolingana, futa nakala ya kazi, nakili asili upya, uanze tena na jina lile lililoleta tofauti.